Kigari cha Viti Viwili

Basi la Muleba lilikuwa limeshaipita Kemondo, na mzee Byabato, aliyekaa kiti cha nyuma, alikuwa hajakosa neno hata moja la mazungumzo ya abiria wawili. Mbele yake Wilbert alikuwa akimwambia bibi asiyemjua, "Naenda Muleba kwa mnunuzi, tupatane bei ya kigari changu nilichokiacha Bukoba. Viti viwili tu! Siku ya msiba hakibebi hata mkungu wa ndizi. Ukoo wanasema nimenunua kiatu."

"Humpandisha nani?"

"Mama yangu, kila Jumapili kwenda kanisani. Tukiwa wawili ndipo hunisimulia habari za baba. Alikufa nikiwa mgongoni."

"Na kama shangazi zako wangekuwemo?"

"Wangeongea wao, bibi."

"Basi shukuru, mwana wange," bibi akamwambia, akimwita mwanangu kwa Kihaya. "Kiti cha tatu kingekunyima baba."

Basi likasimama Muleba. Mnunuzi alingoja mpaka jioni, akanunua pikipiki. Wilbert alirudi Bukoba bila kumwona, kigari kikabaki chake. Bibi alikwenda kwake. Byabato, aliyepaswa kushuka Kemondo, alilala Muleba.