Sista Keti na Chumba cha Mashuka

Wasikilizaji wapendwa, tulieni nasi kidogo. Jumanne asubuhi ameaga dunia muuguzi mstaafu, mshauri wa watu wenye uraibu. Wagonjwa walimwita Sista Keti, maana neno lake la kwanza kwa kila aliyeingia lilikuwa hilo: "Keti." Sista Keti hatunaye tena. Alikuwa na miaka sabini na mmoja.

Alianza kazi katika wodi ya magonjwa ya akili ya hospitali ya serikali. Enzi hizo walevi na watumiaji wa dawa za kulevya waliletwa wamefungwa kamba mikononi. Hawakuulizwa kitu. Walidungwa sindano ya usingizi, wakakaripiwa, wiki ikiisha wakatolewa. Mwezi haupiti, hao wamerudi.

Siku moja akaletwa seremala mmoja, anatetemeka mwili mzima. Alikuwa kaka yake. Kaka yake wa toka nitoke. Akamshika aproni, akamwambia, "Mdogo wangu, nina jambo nataka kukueleza." Sista aliona aibu mbele ya wenzake. Akamjibu kwa ukali: "Yako nimeyasikia ya kutosha. Ukitoka hapa, kwangu usikanyage."

Hakukanyaga. Wiki tatu baadaye alikutwa amekufa katika karakana yake. Jambo alilotaka kueleza, hakuna aliyelijua.

Binti yake Sista anatuambia: "Mama hakulia msibani. Alirudi kazini, akaomba chumba."

Chumba alichopewa kilikuwa stoo ya mashuka. Akaingiza viti viwili. Akawa anawasikiliza wagonjwa mmoja mmoja, saa yake ya mapumziko. Daktari mkuu akamcheka: "Sista, hii ni hospitali au kijiwe cha soga?" Naye hakukasirika. "Ni kijiwe, daktari. Karibu, kiti kipo."

Aliyekuja sana ni fundi mmoja wa kuchomelea vyuma. Fundi huyu alilazwa mara tisa. Mara tisa, wasikilizaji! Ya tisa ndiyo ikashika. Akakaa miaka miwili bila kugusa kitu, na hospitali ikamwajiri awasaidie wenzake. Ndiye wa kwanza kutoka kitanda cha mgonjwa na kuvaa koti la mhudumu pale. Kisha mama yake akafariki, fundi akateleza. Kikao kikaitwa. Karibu wote wakasema afukuzwe.

Fundi mwenyewe anasimulia: "Nilikuwa nje ya mlango. Koti nimeshalivua, nimelikunja. Nikamsikia Sista anasema, 'Mgonjwa wa kisukari, sukari ikimpanda, mnamfukuza? Mkimtoa huyu, nitoeni na mimi. Nilishamfungia mtu mlango mara moja. Sirudii.'"

Hakufukuzwa. Alitibiwa, na baada ya miezi mitatu akarudi kazini. Hospitali ikaandika kanuni: anayeanguka hatolewi, anatibiwa. Ilichukua miaka mingi na barua nyingi, lakini wizara nayo ikaikubali. Leo vituo vya afya vya umma vina vyumba vya ushauri, vina dawa, vina wahudumu waliosomea kazi hiyo. Wengi wao walifundishwa na Sista Keti. Na kila darasa alilifungua kwa kisa cha kaka yake, bila kujipunguzia lawama hata chembe.

"Nilimuuliza, mama, bado hujajisamehe tu?" anasema binti yake. "Akanijibu, 'Kujisamehe bado, mwanangu. Ila kunyamaza nimejifunza.' Akacheka. Nami nikacheka."

Kwa binti, kwa wajukuu, kwa fundi na wauguzi wote waliopita mikononi mwake: poleni sana. Msiba huu ni wetu pia. Apumzike kwa amani.

Nasi tuliobaki tujiulize. Pengine yupo mtu wa damu yako ambaye ukiona simu yake, hupokei. Unajua atakachosema. Umeshakisikia mara mia. Wasikilizaji wapendwa, akipiga leo, pokea. Mwache amalize.