Posa Ndani ya Kompyuta

Haya ni kweli tupu; nikiongeza chumvi hata punje, ng'ombe wangu aanze kutoa chai. Mwaka wa tisini na tisa, ndani ya Pijo, gari la abiria la kutoka Meru kwenda Embu, mama mmoja aliyeketi mbele yangu alikuwa akimlalamikia kijana aliyeketi kando yake, fundi wa kompyuta aitwaye Njiru. "Mchumba wa binti yangu Kajuju yuko Amerika. Wazee wamesema bila kumwona uso hakuna harusi, na mtoto analia tu."

"Watamwona kwa kioo cha kompyuta, mama. Nimejiwekea mashine yangu mwenyewe ya kupitishia mawasiliano dukani Embu. Picha na maneno hayapitii kwa kampuni ya mtu."

"Yanapitia kwako. Na wewe ni wa ukoo gani?"

"Mimi nafunga waya tu, mama."

"Mambo ya mahari hayasikilizwi na mtu ambaye hakualikwa. Hiyo mashine niletee nyumbani."

"Kwani stima ya kuiwasha imefika kwenu?"

"Itafika. Wewe leta."

Nilikuwa nimeinama nisikie vizuri, gari likasimama Embu. Mama akanigeukia. "Na wewe mzee, si ulisema unashuka Runyenjes, kule tulikopita?"

Dereva akanyoosha mkono kudai nauli ya kutoka Runyenjes hadi Embu, nami nikalipa nauli ya masikio.