Matairi ya Safari ya Mzee Masalu

Jumamosi hii, tarehe 29 Novemba, Mzee Revocatus Masalu anastaafu baada ya kuitumikia gereji yetu ya Igoma kwa miaka thelathini na moja. Baada ya pilau na hotuba atapanda pikipiki yake ya bluu, ile kubwa ya mbio ambayo barabara nzima ya Musoma inaijua kwa mlio, na kwenda nyumbani kwake Lamadi. Atakuwa juu ya matairi mapya tuliyompa kama zawadi ya kumuaga. Matairi hayo niliyachagua mimi, Najat Abubakary wa kitengo cha matairi, na tangu niyachague chakula hakipiti vizuri.

Kamati ya sherehe iliniomba wasifu mchangamfu wa jarida letu la wafanyakazi. Nitajitahidi, jamani, lakini mtu mwenye wasiwasi hata akicheka anacheka upande mmoja.

Mzee Masalu aliingia hapa akiwa kijana, enzi za marehemu baba yake bosi Mashimba, akiziba pancha za baiskeli za wauza maziwa wa Kisesa. Baiskeli zilipopungua na bodaboda kujaa mjini, akahamia huko. Kisha zikaanza kuja pikipiki kubwa za mbio, za wafanyabiashara, za madaktari, za vijana wa migodini waliopata fedha na kutaka waonekane. Mafundi wengi walizikwepa, maana ukiharibu kitu kimoja unauza shamba. Yeye alizivua matairi akajifunza. Leo wateja wanamfuata kutoka Shinyanga mpaka Bukoba, na wengine wakifika wakaambiwa katoka kidogo, wanakaa kumsubiri hata kama sisi wengine tupo tumesimama pale na spana mkononi.

Mteja akija kutaka tairi, Mzee haanzi na tairi. Anamkalisha kwenye benchi, anamwagizia soda, anamhoji kama mshenga. Unaendesha wapi, mjini au safari? Mvua ikikukuta njiani unasimama au unaendelea? Mara ya mwisho kuanguka ilikuwa lini, na usinidanganye, mkwaruzo nimeuona. Akisharidhika ndipo anaeleza. Tairi laini hung'ang'ania lami kama ulimbo, lakini linataka kwanza lipate joto, na huisha upesi. Barabara ikiwa baridi na imelowa, linakusaliti. Tairi gumu hudumu, ila kwenye kona halina huruma. Wateja wengi aliwapa la kati, ambalo katikati ni gumu na pembeni ni laini, lenye mifereji ya kutosha kutoa maji. Husoma ubavuni lilitengenezwa wiki gani ya mwaka gani, kwa sababu tairi lililokaa stoo miaka mingi huwa limekauka hata kama halijaguswa na mtu. Na kuchanganya tairi la mbele la kampuni hii na la nyuma la kampuni nyingine, hilo hata umbembeleze vipi hakubali.

Tunamkumbuka Abdillah, muuza vitenge wa Mabatini, aliyetaka tairi la nyuma pana kuliko rimu yake ili pikipiki ijae macho. Mzee hakubishana naye. Alimwomba avue viatu, akampa vya Ngosha, fundi wetu ambaye miguu yake ni mitumbwi, akamwambia akimbie mpaka barabarani, akate kona, arudi. Kiatu kimoja kilibaki mtaroni. Abdillah alinunua saizi ya kiwandani, na soda akalipa mwenyewe.

Lakini kitu alichokijenga Mzee kuliko vyote ni desturi yetu: aliyechagua tairi ndiye anayetangulia kulipanda. Tairi jipya lina utelezi wa kiwandani, na mwanzoni linatakiwa kuendeshwa kwa adabu mpaka uso wake ukwaruzike. Kwa hiyo akishalifunga na kupima upepo likiwa bado baridi, Mzee huvaa helmeti, huwasha pikipiki ya mteja, huenda Kisesa na kurudi, mwenye mali akiwa amekaa kwenye benchi. Kama kuna wa kuanguka kwa uchaguzi mbaya, awe mchaguaji. Hajaanguka hata mara moja. Sisi tuliokuwa tunamsubiri ndio tulioota mvi. Siku moja alichelewa kwa sababu ng'ombe wa mahari walikuwa wanavushwa barabara, na bosi Mashimba alishaanza kuuliza nani ana namba ya zahanati.

Sasa turudi kwenye zawadi. Bosi alipotangaza kwamba gereji itampa Mzee matairi mapya, wote tulidhani atajichagulia. Akakataa. Alisema yeye ni mtu wa kuondoka, achague anayebaki. Watu wote wakanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze.

Maana tatizo lilikuwa hili. Miaka yote Mzee ameipa pikipiki yake matairi laini, yale ya watu wanaojua wanachofanya. Nikimpa hayo hayo, namtuma Lamadi msimu huu wa vuli, lami ikiwa imelowa, na mchanga ulioletwa na maji umetapakaa kila baada ya kalavati. Nikimpa ya kati, ni kama namwambia mbele ya wafanyakazi wote, Mzee, umezeeka. Nikamtafutia soda nikamkalisha kwenye benchi lake mwenyewe, nikamwamkia shikamoo, nikaanza kumhoji kama anavyohoji wengine. Alicheka, akanijibu kwa mbwembwe. Ila nilipofika kwenye swali la mvua alisema kwamba siku hizi anasimama. Alilisema taratibu, akiangalia chupa. Roho iliniuma, na pale pale nikajua nichague nini.

Nikachagua ya kati. Jumatatu nikayafunga, nikapanda, nikaenda Kisesa na kurudi kwa mwendo wa bibi harusi. Kila kitu kilikuwa sawa. Nikapumua.

Jumatano nikatoka kula. Niliporudi nikamkuta Gladness wa mapokezi, mwenyekiti wa kamati ya sherehe, ameifunga pikipiki riboni, amesimama pembeni yake na kitambaa mkononi anasubiri sifa. Alikuwa amekwenda kwa waosha magari akapata dawa ya kung'arishia matairi, akapaka, akarudia. Hakupaka ubavuni tu, alipaka lote, hadi kwenye kashata, pale panapokanyaga lami. Matairi yaling'aa kama viatu vya bwana harusi. Nilipiga ukelele mpaka Ngosha akaja mbio na rungu akidhani kuna nyoka.

Kwenye gari, ubavu uking'arishwa hakuna shida, gari halilali. Pikipiki ya mbio kwenye kona inalala, inakanyagia ule ukingo wa tairi, na mafuta yale pale ni kama kumwaga mlenda chini ya mguu wa mtu anayekimbia. Gladness alipoelewa alichokifanya alikaa chini akalia. Mzee ndiye aliyesimama kama baba yake siku ya sendoff ya Gladness; binti alitaka tu Mzee wake apendeze. Ningemgombeza vipi? Tukavua riboni, tukachemsha maji, tukasugua kwa sabuni ya vyombo na brashi, tukasuuza, tukasugua tena, mpaka kitambaa cheupe kikipita juu kinatoka cheupe. Ngosha akasema yamekwisha. Mimi sikusadiki. Kitambaa kinajua nini kuhusu kona?

Kumpigia msambazaji atume mengine kulikuwa kumechelewa, yasingefika kabla ya Jumamosi. Kumfungia yale ya zamani haikuwezekana, yalishakuwa kipara. Kilichobaki ni desturi, na desturi haisemi osha, inasema panda. Tena safari hii haikutosha kwenda kwa mwendo wa bibi harusi. Ilinibidi nilaze pikipiki kama atakavyoilaza yeye, ili kama kuna mafuta yaliyobaki yanitupe mimi.

Alhamisi asubuhi kulikuwa na manyunyu. Nilisema bismillahi nikatoka. Kwenye kona ya kwanza niliogopa, nikainyoosha mapema. Ya pili nikailaza kidogo, na nyuma ikacheza, kidogo tu. Nikapunguza, nikatulia, nikaendelea mpaka tairi likapata joto. Nilipogeuza Kisesa nilijiambia, Najat, usipojua leo utajua Jumamosi kwa simu ya mtu usiyemfahamu. Nikarudi kwa mwendo wa Mzee. Kona ya kwanza nikailaza, likashika. Ya pili nikailaza zaidi, likashika. Ile ndefu ya mwisho niliilaza nikiwa nasema maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye jarida la wafanyakazi, na likashika vilevile. Nilipoingia getini Gladness alikuwa amesimama barabarani, viatu mkononi, tayari kukimbia kunifuata. Tulikumbatiana.

Mzee alikuwa amefika. Jumatano hakuwapo, nasi hatukuwa tumemwambia lolote. Alichuchumaa, akapitisha kiganja kwenye tairi la nyuma, akakinusa, akauliza kwa nini linanuka sabuni ya vyombo. Gladness akasema yote huku kamasi zinamtoka. Mzee alicheka mpaka akashika kiti. Kisha akaacha kucheka, akawasha tochi ya simu, akaangalia ukingo wa tairi. Mtu akilaza pikipiki, mkwaruzo husogea kuelekea pembeni, na anayejua kusoma anaona umelala kiasi gani. Alilizungusha tairi lote taratibu, sisi tumesimama kama wanafunzi tunasubiri matokeo. Hakuniambia hongera.

Alimwita Ngosha, akamwomba atafute stoo kile kiti cha abiria kilichokuja na pikipiki, kile ambacho yeye alikiondoa siku ya kwanza alipoinunua, akifunge.

Ngosha akauliza ni cha nani. Akasema ni cha Mama Tereza, mkewe. Wote tunamfahamu Mama Tereza, na wote tunajua kwamba kila safari ya Lamadi yeye hupanda basi na Mzee hutangulia na pikipiki. Wengi tulidhani mama anaogopa. Mzee akatuambia kuwa mama hajaogopa hata siku moja, amekuwa akimwomba ampakie tangu zamani. Mwoga alikuwa yeye. Alisema mifupa yake aliweza kuikabidhi kwa macho yake mwenyewe, lakini ya mke wake hapana. Akasema sasa ameusoma ule ukingo, na Jumamosi watakwenda pamoja. Nikaenda nyuma ya kompresa nikalia, kisha nikarudi kuongeza upepo wa tairi la nyuma, kwa sababu sasa watakuwa wawili.

Mzee Masalu, kwa niaba ya bosi Mashimba, ya Ngosha, ya Gladness ambaye ameapa kutokaribia tena dawa ya kung'arishia, na ya wafanyakazi wote wa Igoma, tunakushukuru kwa kazi, kwa soda, na kwa kutufundisha kutangulia. Mungu akupe mapumziko yenye afya, wewe na Mama Tereza. Msikimbie. Na mkifika Lamadi, tafadhali pigeni simu. Simu yangu itakuwa mkononi, na sahani yangu ya pilau itaendelea kufunikwa mpaka nisikie sauti ya mama.