Jozi Nane Mlangoni pa Nyuma

AAFKE: Haloo? Nani mwenzangu?

JETTY: Nani tena kama si mgeni wako! Jetty hapa.

AAFKE: Jetty! Umeshatua?

JETTY: Tangu asubuhi. Niko kwenye treni nakuja huko kwenu. Dirishani ng'ombe na maji, maji na ng'ombe. Mnawalisha nini hawa, mbona wamenona hata kunishinda mimi?

AAFKE: [anacheka kidogo] Karibu nyumbani, dada.

JETTY: Sauti yako vipi? Umelia?

AAFKE: Mafua tu.

JETTY: Mafua mwezi wa tano? Haya, yako hayo. Sikiliza, kadi hii niliyonunua uwanja wa ndege inakula salio hiyo, usiseme. Nataka nikusomee hotuba ya kesho kabla sijajiaibisha kanisani mbele za—

AAFKE: Jetty, kabla hujasoma—

JETTY: Tulia basi! "Mimi ni Jetty van Gelder. Wakati wa vita wazazi wa Aafke walituficha sisi, familia ya Kiyahudi, miezi kumi na moja: baba, mama, mdogo wangu Natan na mimi, kwenye shimo chini ya kitanda chao kilichojengwa ndani ya kabati la ukutani. Chakula cha watu wanne tulikula wanane. Leo marehemu hawa wanapewa nishani, na binti yao anaipokea kwa niaba yao." Enhe?

AAFKE: Nzuri.

JETTY: "Nzuri" tu? Nimeiandika wiki tatu, we bibi! Ngoja, sasa ndio penyewe. "Lakini ng'ambo ya mfereji alikaa Wobbe Terpstra, jirani aliyetuuza kwa polisi. Yeye ndiye aliyewapeleka wazazi wangu na Natan walikokwenda wasirudi. Nataka jina lake—"

AAFKE: Wobbe usimtaje.

JETTY: Nini? Haloo? Unakatika.

AAFKE: Nasema Wobbe usimtaje!

JETTY: Kwa nini? Si alishakufa? Anaogopwa mpaka maiti?

AAFKE: Binti yake yupo. Tjitske. Namwona hapa dirishani anaanika mashuka.

JETTY: Aanike. Yeye ana mashuka, mimi sina hata kaburi la mama. Nitamtaja, tena kwa sauti.

AAFKE: Hakuwauza, Jetty.

[mkwaruzo]

JETTY: Umesemaje?

AAFKE: Wobbe hakuwauza.

JETTY: Mama yako mwenyewe alisema. Alimwona darajani na yule polisi asubuhi ile ile. Kijiji kizima kinajua.

AAFKE: Polisi alikuwa anamuuliza njia. Basi. Alikuja kuhesabu ng'ombe wetu.

JETTY: Kuhesabu ng'ombe, akatoka na watu wangu watatu?

AAFKE: Ilikuwa Jumamosi. Unakumbuka Jumamosi kwetu?

JETTY: Mimi siku ile nilikuwa nimetengwa darini kwenye nyasi kavu kwa kikohozi changu, ndiyo maana hawakunipata. Sikumbuki kitu ila nyasi. Nijibu swali.

AAFKE: Ndiyo nakujibu. Jumamosi tunasugua viatu vya mbao kwa mchanga, viwe vyeupe vya kwendea kanisani. Ilikuwa kazi yangu. Mama alikuwa hana mchezo, kimoja kikikaa upande, kofi. Na nyie baba alikuwa amewapa vyenu, vya kunyooshea miguu bandani jioni. Vilikaa ndani, nyuma ya jiko.

[mkwaruzo]

AAFKE: Upo?

JETTY: Nipo.

AAFKE: Vilikuwa vichafu, vimejaa mavi ya ng'ombe. Nikasema leo nitamfurahisha mama. Nikavisugua vyote. Vyote, Jetty. Nikavitoa nje kwenye jua, nikavipanga mlangoni pa nyuma, vikubwa mpaka vidogo. Vya Natan vilikuwa vya mwisho.

JETTY: Mungu wangu.

AAFKE: Yule polisi alimaliza ng'ombe, akazunguka nyuma. Akasimama. Akavihesabu kwa fimbo yake. Akamuuliza mama, "Nyumba ya watu wanne, jozi nane za nini?"

JETTY: Acha kwanza. Acha.

[mkwaruzo mrefu]

JETTY: Ulikuwa na miaka mingapi?

AAFKE: Minane.

JETTY: Minane. Aafke, mtoto wa miaka minane— sikiliza, usilie— mtoto hana kosa hapo. Mngeniambia mapema ningekwambia hivyo hivyo. Mama yako alijua?

AAFKE: Polisi walipoondoka na watu wako na baba yangu, mama alivikusanya vyote vyenu akavitia ndani ya jiko, vikaungua. Akanishika masikio yote mawili. Akasema hukuvipanga wewe, umesikia? Hukuvipanga. Jioni majirani wakaja, wakauliza nani kasema. Mama akasema Wobbe.

JETTY: Hivi hivi?

AAFKE: Walikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba. Jina lake ndilo lililokuwa karibu mdomoni.

JETTY: Na baba yako?

AAFKE: Baba aliporudi kutoka kambini, mifupa mitupu, akaambiwa hivyo hivyo. Kafa anamchukia jirani yake bure.

JETTY: Na huyo Wobbe walimfanya nini? Mimi nilishapelekwa kwa shangazi.

AAFKE: Vita vilipoisha walimfunga miezi saba. Serikali ikamwachia, hakuna ushahidi. Kijiji hakikumwachia. Kanisani walikaa benchi peke yao, yeye na mke na Tjitske, miaka yote. Tjitske hakuolewa. Nani angemposa? Na mimi napita mbele ya benchi lao kila Jumapili, nimevaa kofia yangu nzuri.

JETTY: Kila Jumapili.

AAFKE: Nina haya, Jetty. Hata kujitazama kwenye kioo naona haya.

JETTY: Ya miaka minane nimeshakwambia, yamekwisha. Lakini ulikuwa na ishirini. Ukawa na arobaini. Mama yako alikufa lini?

AAFKE: Miaka ishirini na sita sasa.

JETTY: Ishirini na sita, hakuna wa kukushika masikio! Na mimi nakuandikia kila mwaka mpya, namlaani Wobbe, na wewe unanijibu kwa kunitumia biskuti!

AAFKE: [analia] Niliogopa utanichukia.

JETTY: Basi ukaniacha nimchukie mtu asiye na hatia. Umenifanya na mimi nitende dhambi, Aafke.

AAFKE: Nisamehe. Jetty, nakuomba, futa hapo tu. Ukurasa wa Wobbe. Soma uliobaki, nishani iende, tuseme—

JETTY: Tuseme nini? Tufute tu, kimya kimya, na Tjitske abaki kwenye benchi lake?

AAFKE: Basi waambie wewe. Wewe una maneno. Mimi mbele za watu siwezi.

JETTY: Hapana, bibi. Wazazi wako walitulisha, nishani yao siigusi. Maneno yangu juu ya Wobbe nitayafuta. Lakini nikimaliza, utasimama wewe— [simu inalia: pi-pi-pi] —salio hilo— Aafke, huyo Tjitske ana simu?

AAFKE: Anayo. Sijawahi kuipiga.

JETTY: Mpigie. Sasa hivi, kabla sijafika hapo, maana nikifika ni mimi nitakayembishia hodi—

[Simu inakatika. Aafke anapiga namba nyingine.]

TJITSKE: Terpstra.

AAFKE: Tjitske. Mimi Aafke. Wa ng'ambo ya mfereji.

TJITSKE: Nani kafa?

AAFKE: Hakuna aliyekufa. Usikate. Ni habari ya marehemu baba yako. Najua si yeye. Nimejua siku zote. Siku ile ya polisi, mimi ndiye—

TJITSKE: Ngoja. Kesho kanisa litajaa?

AAFKE: Litajaa. Watu wote wanakuja.

TJITSKE: Mpaka wale wa mjini? Mpaka watoto wa waliomfunga?

AAFKE: Wote.

TJITSKE: Basi usinimalizie hapa kwenye simu. Nitakuja nikae pale pale petu. Uniambie huko, na wao wakisikia. Haya, kwaheri, nguo zangu zinapeperuka.