Dhari bin Mutlaq wa Jahra, Aliyebadili Kura Yake

Jamaa na majirani mliolijaza baraza hili tangu siku ya mazishi, nanyi akina mama mlioko ndani, tunawasimulia maisha ya Dhari bin Mutlaq, Abu Mutlaq wetu kwa jina la mwanawe mkubwa, kama tulivyomjua nyumbani.

Marehemu alizaliwa Jahra, nchini Kuwait, majira ya baridi ya mwaka 1947, mtoto wa kwanza wa Mutlaq bin Naif na Bi Tarfa. Baba yake alichunga ngamia kabla ya kupata kazi ya ulinzi kwenye visima vya mafuta vya Burgan. Bi Tarfa alifariki mwaka 1960, akamwachia Dhari mdogo wake wa miaka mitano, Wadha. Dhari alimlea mwenyewe. Alimwogesha, akamlisha, akamsuka nywele vibaya hivi kwamba jirani mmoja alikuja na kitana akamwambia, "Mwanangu, huyu ni msichana, si mkia wa farasi. Nipe mimi."

Alisoma Jahra, kisha Chuo Kikuu cha Kuwait, alikohitimu historia mwaka 1971. Kila alichofundishwa shuleni alikuja kumfundisha Wadha jioni, kwa kuwa baba yao hakuona haja ya binti kusoma. Mzee alikubali Wadha aandikishwe shule siku alipomsikia akimsomea gazeti bila kukwama.

Mwaka 1973 alimwoa Bi Hissa bint Farraj. Wakajaliwa watoto watano, na nyumba ambayo mlango wa baraza lake haukufungwa ila wakati wa kulala.

Alifundisha historia Jahra kwa zaidi ya miaka ishirini. Aliona Bunge likivunjwa mwaka 1976 na tena mwaka 1986. Wakati wa uvamizi wa Iraki wa 1990 hakuondoka. Alifundisha watoto wa mtaa sebuleni kwake. Nchi ilipokombolewa, ukoo ukamwambia agombee. Mwaka 1992 akachaguliwa kuwa mbunge, akarudishwa mara tatu.

Lipo jambo moja ambalo yeye mwenyewe alikuwa akilisimulia waziwazi, na hatutaliruka. Tarehe 30 Novemba 1999, muswada wa kuwapa wanawake haki ya kupiga kura ulifika bungeni. Dhari alisema hapana. Muswada ulianguka kwa tofauti ya kura mbili tu. Wadha, aliyekuwa mwalimu mkuu kwa wakati huo, alikuwa amekaa juu kwenye viti vya wageni akimtazama.

Ijumaa iliyofuata alikuja hapa nyumbani.

"Kaka, kusoma umenifunza wewe. Sasa nisome halafu nifanye nini?"

"Wadha, niliwaahidi wanaume wa ukoo. Nikiwageuka nitawatazamaje?"

"Na mimi unanitazamaje?"

Dhari akammiminia kahawa. Wadha alipokea kikombe, akakiweka zuliani bila kukitia mdomoni. Kila aliyekuwepo alielewa, maana kwetu mgeni mwenye ombi hanywi mpaka ajibiwe.

"Itapoa," Dhari akasema.

"Acha ipoe. Mimi nina subira."

Kwa miaka mitano na ushei alikuja kila Ijumaa. Aliwapakata wajukuu, akamkanda Bi Hissa magoti, akacheka na kila mtu, na akaondoka kikombe kikiwa kimejaa. Bi Hissa alikuwa akisema, "Abu Mutlaq, nyumba hii inamwaga kahawa kuliko inavyokunywa." Marehemu alituambia baadaye kwamba angependa dada yake amsuse kabisa. Ule upole wake ndio uliokuwa ukimkosesha usingizi.

Mwezi wa Mei 2005 muswada ukarudi. Wakubwa wa ukoo walikuja barazani mapema.

"Abu Mutlaq, ukisema ndiyo, kiti hicho ukiage."

"Basi nimeshakiaga," akawajibu, na akawakaribisha chakula.

Alisema ndiyo. Muswada ukapita. Jioni ile, ingawa haikuwa Ijumaa, alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Wadha na birika lake mkononi, akamimina. Wadha akanywa kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha tatu kilichanganyika na machozi, akafuta uso na kusema, "Iliki umeiunguza, kaka."

Mwaka uliofuata wanawake walipiga kura, na Dhari akashindwa vibaya. Matokeo yalipotangazwa alimgeukia dada yake. "Angalau wewe ulinipa?"

"Kura ni siri. Sheria umeipitisha wewe."

Alicheka mpaka kilemba kikamdondoka.

Mwaka 2022 alipatwa na kiharusi kilichomfanya azungumze polepole. Mei 2024, mtawala wa nchi alipolisimamisha Bunge tena, wageni wengi walikuja kumsikiliza. Jirani mmoja akasema, "Afadhali, Abu Mutlaq. Makelele yale yalituchosha. Wenzetu wa nchi jirani hawana bunge, na miji yao inang'aa."

Tulidhani amelala. Kisha akasema neno moja baada ya jingine: "Mimi nampenda mtawala wetu. Mnajua. Lakini mtu unayempenda, humwachi aongee peke yake."

Januari mwaka huu wa 2025 aliomba kupelekwa jangwani. Mvua ilikuwa imenyesha, majani yameota. Tulipiga hema, tukamlaza karibu na mlango, Bi Hissa upande mmoja na Wadha upande mwingine. Asubuhi ya tarehe 24 wajukuu walikuwa nje wakigombania nani awashe moto, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Mutlaq, mwanawe mkubwa, akainuka kuwanyamazisha. Marehemu akamshika nguo.

"Waache wabishane," akasema.

Hakusema tena. Alifariki wakati chai inachemka, sauti za watoto zikiingia hemani.

Ameacha mjane, Bi Hissa. Watoto wake Mutlaq, Nuwayyir, Farraj, Tarfa na Shuja. Wajukuu kumi na wanne. Na dada yake, Wadha.

Mwenyezi Mungu amrehemu Dhari, alipanue kaburi lake, na ampe mapumziko aliyoinyima nafsi yake kwa ajili yetu. Amina.