Leodegario Sumbilla: Benchi Moja Mbele Kila Jumapili

Marehemu kaka yangu, Leodegario Sumbilla, alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1961 hapa Guimbal, mkoa wa Iloilo, kifungua mimba wa marehemu Mamerto na marehemu Consorcia. Alipewa jina la mtakatifu wa siku ile. Shuleni walichoka kulitamka, wakamwita Gario.

Alimaliza sekondari mwaka 1978, akajifunza hatimkato mjini Iloilo, na kuanzia 1984 akawa mwandishi wa mahakama. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko ndimi za mawakili. Tarehe 7 Mei 1988 alifunga ndoa na Purita, wakajaliwa binti mmoja, Jocelle.

Ugonjwa ulimwanza mwaka 2001: vidonda sugu vya utumbo mpana, vinavyomharisha mtu damu bila kumpa nafasi ya kujiandaa. Alimwambia mkewe tu. Sisi wengine tulimwona akikaa benchi la mwisho kanisani na kushika bakuli la supu ya batchoy mpaka linapoa, tukasema ana maringo.

Sitajificha nyuma ya karatasi hii. Tarehe 19 Juni 2004, tukimzika Mama, Gario aliachia jeneza katikati ya kanisa akatoka mbio. Aliporudi nilimwambia mbele ya watu, "Hata Mama amekuwa mzito kwako?" Sikusema naye tena kwa miaka kumi na moja.

Mwaka 2015 daktari wa tumbo alimpeleka kwa Bi. Ofelia Magbanua, mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia. Purita anasimulia kwamba aliingia akiwa amekunja uso.

"Mimi si kichaa, mama."

"Nani kakuita kichaa? Nauliza tu: kati ya tumbo na hofu, nani anakuchagulia pa kukaa?"

Jocelle alikuwa ameanza kuzungumzia harusi, na kaka alikuwa ameshaamua kutohudhuria. Bi. Ofelia alimpa kazi mbili: asogee benchi moja mbele kila Jumapili, na amwambie ukweli mtu anayemwogopa kuliko wote.

Alikuja jikoni kwangu nikiparua samaki, akaniita Inday, yaani dada mdogo, kama zamani.

"Inday, siku ya Mama sikukimbia. Nilijichafua."

Kisu kilinitoka mkononi. "Mbona hukuniambia?"

"Ungecheka."

Ni kweli, ningecheka. Nililia kwa aibu, naye akamaliza kuparua wale samaki.

Tarehe 14 Januari 2017 alimsindikiza Jocelle hadi altareni, akaketi benchi la kwanza, mimi ubavuni. Wakati wa Injili nilimwona akitokwa jasho, ameng'ang'ania ukingo wa benchi.

"Twende?" nikanong'ona.

"Ngoja."

Kwaya ikaanza. Purita alifumba macho. Mara kaka akasimama, akatembea mpaka mlango wa kando, na kanisa zima likageuza shingo. Jocelle naye aligeuka. Dakika zikapita, nami nikajua kwamba tumempoteza tena. Kisha mlango ukafunguliwa. Akarudi polepole mbele ya macho yote yale, akaketi.

"Nimepitwa na nini?" akauliza.

Tiba ile haikuponya utumbo wake. Lakini kuanzia siku hiyo tulikula naye.

Agosti iliyopita aligundulika kuwa na saratani ya utumbo. Aliaga dunia nyumbani tarehe 11 Machi 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka 62. Ameacha mjane wake Purita, binti yake Jocelle na mkwewe Arvin, wajukuu wawili, na mimi dada yake, Salvacion.

Leo jeneza lake liko mbele kabisa. Nimemwomba Padre mlango wa kando uachwe wazi. Atakayehitaji kutoka, atoke, na asigeuke mtu kumtazama. Halafu arudi, tumemwekea nafasi.

Lala kwa amani, kaka. Nisamehe.