Mwili Uliotoka Kitabuni: Maisha ya Mwalimu Laban Walubengo

Wachungaji, majirani wa Otonglo, ndugu na marafiki, familia imenituma mimi Lorine, kifungua mimba wake, niwasomee maisha ya baba yetu, nami nitasoma yale tu yaliyothibitika.

Mwalimu Laban Walubengo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Kimilili, akasomea ualimu, na kuanzia Januari 1976 hadi alipostaafu mwaka 2006 akafundisha sanaa mjini Bondo. Rasimu niliyokabidhiwa inadai kwamba alisomea Paris kwa miaka miwili namna Wafaransa wa karne ya kumi na saba walivyochora umbo la binadamu. Pasipoti yake inaonyesha siku kumi na tisa tu huko, mwaka 1984, akarudi na kitabu kimoja cha picha, basi sentensi hiyo nimeifuta.

Alimwoa mama yetu, Nabututu, tarehe 8 Desemba 1979, wakajaliwa watoto wanne.

Agosti 2009 alionyesha mjini Kisumu picha aliyoichora ya mwanamke akioga ufukweni, uchi, mwenye uso wa Mama Seline, jirani yetu, aliyekuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama. Kanisa lilimwondoa Mama Seline kwenye kwaya, mumewe akamrudisha kwao, na tangu alipohamia tena hapa amekuwa akipita sokoni akichekwa, wengine wakimwuliza kama leo amevaa. Alipomjia baba na kumsihi, "Mwalimu, waambie tu mwili si wangu," baba alimjibu, "Mama, mchoraji wa kweli hachori kutoka kitabuni," akaendelea kunywa chai.

Mama yetu, kabla ya kufariki mwaka 2016, alinieleza kwamba Mama Seline alikaa asubuhi tatu uani petu, amevaa gauni na kitambaa kichwani, akachorwa uso tu. Ushahidi huo ni wa kusimuliwa, na peke yake nisingeutegemea. Lakini Jumanne iliyopita, tukitafuta vyeti vya baba, tulikifungua kile kitabu cha Paris, na ukurasa wa 112 yuko mungu wa kike wa Kifaransa anayeoga, amechorewa miraba ya penseli, ile ya kunakilia picha kipande kwa kipande, yenye nambari kwa mwandiko wa baba, mabega, kiuno, goti lililokunjwa, yote kama yalivyo pichani, na juu ya shingo hakuna mraba hata mmoja. Baba alinakili. Aliona heri jirani yake aaibike kuliko yeye kuitwa mwigaji, na sikupata la kumtetea, ingawa nilitafuta. Kitabu kipo mezani, kando ya jeneza, kwa yeyote anayetaka kukikagua, wazee wa kanisa wakitangulia.

Aliugua figo kuanzia Februari 2023, akafariki hospitalini Kisumu tarehe 3 Oktoba 2024, saa nane mchana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake wa Bondo, na ninyi majirani, mkiwemo mliocheka. Jana tulimwomba Mama Seline msamaha, akasema atafikiria, nasi tunamshukuru hata kwa hilo. Baba, wewe pumzika kwa amani. Mama Seline bado anaingoja yake.